Steringi wa Lugha Tatu

Nje ya kibanda cha video mjini Mbale hapakosi ubao. Juu imeandikwa kwa chaki mechi ya jioni ya Ligi Kuu ya Uingereza, chini yake picha ya Kihindi, na chini kabisa, kwa herufi zinazoizidi picha yenyewe, jina la VJ aliyeitafsiri kwa Kiluganda. Jina la mwigizaji mkuu mara nyingi halimo. Watazamaji watamwita steringi, nalo latosha. Kila mtu anajua kwamba steringi hafi.

Mpenzi wa Rajinikanth akiuona ubao huo atashika kichwa. Kwao Chennai, filamu mpya ya nyota huyo wa Kitamil haisubiriwi kwa ubao wa chaki. Wapenzi hukesha mlangoni, na kwa miaka mingi onyesho la kwanza lilianza alfajiri, kabla hata ya jogoo. Mbele ya sinema husimamishwa picha zake za kuchongwa, ndefu kuliko nyumba, nao huzipanda juu na kuzimwagia maziwa kama sanamu za miungu hekaluni. Desturi hiyo haiko kwake peke yake. Mapema mwaka 2019, nyota mwingine alipowahimiza mashabiki wake wamwage maziwa kwa wingi, chama cha wauza maziwa cha Tamil Nadu kiliwaendea polisi: siku za filamu mpya, maziwa yao yalikuwa yakiibwa. Tarehe 22 Julai 2016, Kabali ya Rajinikanth ilipotoka, kampuni kadhaa ziliwapa wafanyakazi likizo, kwa kuwa zilijua hakuna atakayefika kazini. Na aliyefungiwa ofisi siku hiyo aliwahi kuwa kondakta wa basi mjini Bangalore, jina lake Shivaji Rao Gaekwad, kabla mwongozaji K. Balachander hajamtia katika Apoorva Raagangal mwaka 1975.

Kwa nini basi wazimu huu haukufika Jinja wala Mbale, miji iliyojengwa kwa kiasi kikubwa na maduka ya Wahindi?

Jibu liko kwenye meli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, reli ya Uganda ilileta vibarua karibu 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Wafanyabiashara waliofuata walikuwa zaidi Wagujarati, kama Muljibhai Madhvani, aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, nje kidogo ya Jinja, katika nchi ya Busoga, mwaka 1930. Ukipita Main Street ya Jinja leo na kuinua macho juu ya vibao vya simu za mkononi, utaona majina yao na miaka ya ujenzi bado vimo kwenye plasta. Watamil walipelekwa kwingine: Malaya, Ceylon, Mauritius, Natal. Ndiyo maana Kabali inasimulia maisha ya Watamil wa Malaysia, wala si ya Busoga. Wenye maduka wa Afrika Mashariki walipoanza kufungua majumba ya sinema, picha walizoagiza zilitoka Bombay, zikizungumza Kihindi.

Wasiojua hata neno moja la Kihindi walijaa humo kuliko wenyewe. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaonyesha jinsi Awara ya Raj Kapoor ilivyowateka watu wa Zanzibar na Tanganyika katika miaka ya 1950. Foleni zilikuwa ndefu, na walanguzi wa tiketi walikuwa na siku yao. Mkanda mmoja ulitumikia zaidi ya ukumbi mmoja kwa usiku uleule: riili ikimalizika hapa, kijana anairukia baiskeli na kuikimbiza ukumbi wa pili, na mnyororo ukikatika njiani, ukumbi mzima utamsubiri gizani huku ukipiga miluzi. Kwa hiyo “siku ya kwanza” upande huu wa bahari haikuwa tarehe iliyopangwa Bombay. Ilikuwa siku mkanda ulipofika mjini kwenu, hata kama ulikwisha kuchakaa kwa kuzungushwa miji mingine. Heshima ya nyota haikupungua kwa mikwaruzo.

Jinja, lakini, ina kisa chake ambacho Chennai haina. Miongoni mwa nyota wa kike waliong'aa zaidi Bombay mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Mumtaz. Do Raaste ya mwaka 1969 ilimweka bega kwa bega na Rajesh Khanna, ambaye wapenzi wake, inasimuliwa, walimwandikia barua kwa damu. Khilona ya mwaka 1970 ilimpa tuzo ya Filmfare. Kisha mwaka 1974, akiwa kileleni, Mumtaz aliolewa na Mayur Madhvani, mtoto wa yule Muljibhai wa Kakira. Nyota wa kwenye pazia akawa mkwe wa Busoga!

Shangwe hiyo ilikosa mahali pa kufanyikia. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke. Manubhai Madhvani, kaka yake Mayur, alitiwa jela ya Makindye kabla ya kutoka nchini, na bi harusi akaanza maisha mapya mbali na miwa ya wakwe zake. Familia ilirudi Kakira katikati ya miaka ya 1980.

Pamoja na wenye maduka waliondoka wenye sinema, na waliojua kuagiza mikanda na kuitengeneza mashine ikileta ukaidi. Majumba yaliyobaki yalikufa polepole. Norman Cinema ya Kampala, iliyopata jina lake kwa Mgoa Norman Godinho, leo ni Watoto Church, na anayeketi humo Jumapili anasikiliza mahubiri pale ambapo watu walilipia viingilio kumtazama steringi akipigana.

Kilichozaliwa badala yake kilikuwa duni, na kwa maoni ya mwandishi huyu kilikuwa bora kwa jambo moja. Deki ya kaseti, televisheni, jenereta, mabenchi na kuta za mabati: hicho ndicho kibanda, neno ambalo Waganda walilichukua na kuliwekea wingi wao, bibanda. Palipokosekana fedha za maandishi chini ya picha, akasimama mtu na maikrofoni. Huyo ndiye VJ. Anatafsiri, anaongeza, anamtukana adui kabla steringi hajamgusa, anaufananisha mji wa Mumbai na mtaa wa jirani. VJ Jingo na VJ Junior wakawa na mashabiki ambao waigizaji wa Kampala wangewaonea wivu. Dar es Salaam ilikuwa na Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Ajabu ya Mbale ni kwamba hata Kiluganda hicho ni lugha ya kuazima, kwa maana nyumbani Wagisu wanasema Lumasaaba.

Hapo ndipo Rajinikanth alipoingilia, kwa mlango wa nyuma. Waliotazama Hum ya mwaka 1991 kwa ajili ya Amitabh Bachchan walimwona na yeye, amecheza mdogo wake. Wimbo uliobeba filamu hiyo, Jumma Chumma, uliazima mdundo wake kwa Mory Kanté wa Guinea, hivyo Afrika ilikuwa imeketi kwenye pazia kabla ya kuketi kwenye mabenchi. Siku hizi filamu za Kusini mwa India hufika zikiwa zimekwisha kutiwa sauti ya Kihindi, kama Enthiran ya mwaka 2010, iliyoitwa Robot kwa wasemaji wa Kihindi. Zikifika kwa VJ zinavishwa Kiluganda juu yake. Steringi anafumbua kinywa kwa Kitamil, anasikika kwa Kihindi, anaeleweka kwa Kiluganda.

Tangu Annaamalai ya mwaka 1992, filamu zake huanza kwa namna moja: herufi za “Super Star” zinatokea moja baada ya nyingine, na ukumbi wa Chennai unapiga kelele kwa kila herufi huku vipande vya karatasi vikirushwa hewani. Kwenye kibanda, dakika hizohizo za mwanzo ndizo VJ anazotumia kujitaja jina na kuwasalimu wateja. Herufi zinapita nyuma ya sauti yake, na mabenchi yanamshangilia yeye.