Kabla ya kufuta, uliza

Wasee, Linux ya mwanzo ilikuwa skrini nyeusi inakungoja tu. Hujui amri? Umekwama. Miaka ya 1990, jamaa anaitwa Savio Lam akaandika programu ndogo, dialog. Skripti ya sheli ikapata mdomo: inachora kisanduku, inauliza, unachagua kwa mishale na Enter. Slackware, iliyoanza 1993, iliichukua, na bado ukiiweka kwa mashine unapitia visanduku hivyo.

Ndani ni rahisi. Ukisema Ndiyo, dialog inarudisha 0. Hapana, 1. Ukitoroka kwa Esc, 255. Skripti inasoma namba, inaamua.

Mimi nilijifunza vibaya. Baada ya kuacha campo nilikuwa nafanya kazi cyber, nikaandika skripti ya kusafisha mashine kila jioni. Siku moja ikafuta folda ya msichana mmoja, fomu zake za HELB zikiwa ndani. Haikuuliza kitu. Alikaa kesho yake yote akizijaza upya, na mimi nikimlipia.

Usiku huo nikaongeza --yesno, na --defaultno, ndio Enter ya haraka isifute. Mstari mmoja tu, na umekuwepo tangu kabla nizaliwe. Kabla ya kufuta jasho la mtu, muulize.