Vyuo vikuu vinavyolea biashara za wanafunzi

Kwa miaka mingi, mhitimu wa chuo kikuu nchini Kenya alitarajiwa kutafuta ajira, si kuibuni. Uhaba wa kazi umebadili matarajio hayo, na baadhi ya vyuo sasa vina vituo vya kulea biashara changa.

Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianzisha chake mwaka wa 2011, kikapewa jina la mwanaviwanda Manu Chandaria. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata mwaka wa 2013 kwa maabara ya C4DLab, nacho Strathmore kina iBizAfrica.

Kwa kawaida, mwanafunzi huwasilisha wazo lake mbele ya jopo. Akikubaliwa, hupata mahali pa kufanyia kazi, mshauri, na mafunzo ya uhasibu, sheria na masoko.

Linalopuuzwa mara nyingi ni umiliki. Kabla ya kutia sahihi, mwanafunzi anafaa kujua iwapo chuo kitadai sehemu ya uvumbuzi wake. Hataza humlinda mvumbuzi kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, lakini wazo lililobaki kichwani halipewi hataza. Wahenga walikwisha kuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.