Deni la Mhadhiri

Ukitaka kuelewa mgomo wowote wa wahadhiri Kenya, usianze na mwaka wa mgomo. Anza na mwaka wa mkataba. Mgomo wa 2025 ulidumu siku 49, kuanzia Septemba 17, na uliwaniwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Makomredi wengi waliorudishwa nyuma kimasomo walikuwa bado shule ya msingi mkataba huo ulipoanza kuhesabiwa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata hadhi yake mwaka 1970, serikali ndiyo iliyobeba karibu kila kitu: masomo, malazi, mshahara wa mhadhiri. Mwaka 1974 ikaanza kutoa mikopo ya kujikimu. Mwaka 1991, huku Benki ya Dunia ikisukuma serikali zipunguze matumizi, wanafunzi wakaanza kulipa karo.

Wahadhiri nao walitaka meza ya kujadili mshahara. Mwishoni mwa 1993 waligoma wakidai chama chao, UASU, kisajiliwe. Serikali ya Moi ikakataa, mgomo ukaingia 1994, na baadhi ya viongozi wakafutwa kazi. Chama kilisajiliwa 2003, Moi akiwa ameshatoka Ikulu.

Kufikia hapo hela mpya ilikuwa imepatikana. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia wenyewe, mpango tuliouita parallel. Vyuo vingine vikafuata. Madarasa ya jioni yakajaa, kampasi zikachipuka mitaani juu ya maduka, wafanyakazi wakaajiriwa. Hapa ndipo hesabu ilipopinda. Karo ya parallel ilikuwa kama mvua: inakuja ikipenda. Mshahara hausubiri mvua, kila mwisho wa mwezi uko mlangoni.

Kisha siasa ikaongeza mzigo. Mwaka 2012 tulikuwa na vyuo vikuu 7 vya umma. 2013 vikawa 22. Kila kimoja kikahitaji naibu chansela wake, wasajili wake, wahasibu wake, madereva wake.

Mwaka 2016 mvua ikakatika. Baada ya wizi wa mitihani kubanwa, waliopata C+ na zaidi kwenye KCSE hawakufika 90,000. Nafasi za serikali zikawatosha wote, basi nani tena angejilipia? Pesa za serikali kwa kila mwanafunzi hazikuziba pengo hilo. Vyuo vikaanza kukata kodi na pensheni kwenye payslip bila kuzifikisha zinakotakiwa. Mhadhiri anastaafu, anakuta michango yake ni maandishi tu.

Mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ulibadilisha jinsi mwanafunzi anavyopata fedha, ukaishia kupingwa mahakamani. Deni la zamani halikuguswa.

Mgomo wa 2025 ulimalizika kwa ahadi ya kulipa zile bilioni kwa mafungu mawili. Swali la kuuliza kila bajeti inaposomwa Juni ni jepesi: mkataba uliosainiwa umetengewa hela humo, au umeachiwa mwanafunzi ambaye leo yuko darasa la sita?