Mshahara, Posho na Mfuko wa Mawe: Malipo ya Kazi kutoka Mwadui hadi Geita

Lugha yetu imehifadhi historia ya malipo ya kazi kuliko nyaraka nyingi za serikali. Mshahara ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndani yake umo mwezi: ni malipo yanayohesabiwa mwezi kwa mwezi. Kibarua kilikuwa barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu kuthibitisha kwamba siku hiyo alifanya kazi. Baadaye jina la karatasi likamwangukia mwenye kuishika. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi njiani. Leo mtumishi wa umma anaposaini fomu ya posho ya kikao, anatumia neno lililosafiri kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kwingineko.

Naanza na wapagazi kwa sababu wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba kazi ya malipo ililetwa katika ukanda wa Shinyanga na Geita na wakoloni. Sivyo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa walikuwa wakibeba pembe na nguo kwa ujira uliokubaliwa kabla ya safari. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Malipo yalikuwa na sehemu mbili: ujira wenyewe, ambao aghalabu sehemu yake ilitolewa mapema kwa nguo, na posho, iliyotolewa njiani kwa nguo au shanga za kununulia chakula. Mwenye msafara aliyepunguza posho aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Kutoroka huko wasafiri wa Kizungu walikuita uvivu na utovu wa uaminifu. Mimi nakuita mgomo. Mpagazi alivumilia jua, kiu na mzigo. Hakuvumilia kuvunjwa kwa masharti yaliyokubaliwa kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo swali la nini humsukuma mtu kufanya kazi kwa bidii lilikwisha kujibiwa hapa kwa namna fulani kabla ya vitabu vya menejimenti. Wasukuma walikuwa pia na jibu jingine, la vikundi vya kulima vilivyofuata mapigo ya ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, ambayo hadi leo tunaiona katika bugobogobo. Malipo yalikuwa chakula au mnyama, na juu yake sifa ya kikundi.

Wakoloni walibadilisha jambo moja kubwa: walifanya fedha iwe lazima. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890, na baadaye kodi ya nyumba na kichwa ya Waingereza, ilimtaka kila mwanamume awe na sarafu, si mtama. Ndipo ukaja mfumo wa kipande katika mashamba ya mkonge na kwingineko: kadi ya siku 30 za kazi, na malipo baada ya siku hizo kutimia. Mwajiri alisema kipande kinampa Mwafrika uhuru wa kuchagua siku ya kufanya kazi. Lakini siku ambayo mnyapara hakuiandika haikuwapo, hata kama mgongo uliikumbuka. Msukuma wa miaka hiyo hakuwa mtumwa wa kipande kwa kiwango cha watu wa mikoa mingine, kwa kuwa alikuwa na pamba na ng'ombe. Nafasi hiyo ya kukataa ndiyo iliyomlazimu mwajiri wa eneo letu kufikiri zaidi.

Hapo ndipo Mwadui inapoingia. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui. Kufikia miaka ya 1950 palikuwa na mji kamili: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, na uzio. Wengi wanaokumbuka Mwadui husifu huduma zake, wakasahau uzio. Vitu hivyo viwili havitenganishiki. Almasi ni kitu kidogo. Jiwe lenye thamani kuliko mshahara wa maisha ya mtu linaweza kufichwa chini ya ulimi. Mwajiri wa bidhaa ya namna hiyo ana njia mbili tu: amlinde mfanyakazi kwa macho na upekuzi, au amfanye aone kwamba kazi yenyewe ina thamani kuliko jiwe. Mwadui ilijaribu njia zote mbili. Mshahara ulikuwa sehemu ndogo ya malipo. Sehemu kubwa ilikuwa kitanda cha hospitali na dawati la mtoto. Aliyefukuzwa hakupoteza fedha ya mwezi peke yake, alipoteza mji. Nje ya uzio kulikuwa na Maganzo, na biashara ya almasi ya Maganzo ni ushahidi kwamba njia hizo mbili hazikutosha.

Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukawa mali ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa hisa sawa. Uhuru ulipokuja, taifa lilikuwa tayari mwajiri wa mgodi. Ni jambo linalosahauliwa tunapozungumza kana kwamba dola na mwekezaji walikutana mara ya kwanza katika miaka ya 1990.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru ilikuwa miaka ya ugomvi wa mishahara kuliko historia rasmi inavyokiri. Januari 1963 kima cha chini kilipanda hadi shilingi 150 kwa mwezi Dar es Salaam, na pungufu ya hapo katika miji midogo. Januari 1964 wanajeshi waliasi Dar es Salaam, na maasi yakafika Tabora. Madai yao yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Baada ya hapo shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi likavunjwa, ikaundwa NUTA. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ikiwamo kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda. Mwalimu Nyerere aliwafukuza mamia yao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Katika tathmini yake ya mwaka 1977 kuhusu miaka kumi ya Azimio la Arusha, alieleza kwamba pengo kati ya mshahara wa juu na wa chini baada ya kodi lilikuwa limeshuka kutoka takribani 50 kwa 1 wakati wa Uhuru hadi takribani 9 kwa 1 mwaka 1976.

Namheshimu Mwalimu kwa hilo, wala sijiungi na wanaodai kwamba usawa huo ndio ulioua ari ya kazi. Kilichoua ari ni kwamba katika miaka iliyofuata bei zilikimbia na mishahara yote, ya juu na ya chini, ikaachwa nyuma. Ofisa wa wilaya akaanza kufuga kuku, mwalimu akauza maandazi, na mshahara ukabaki kama kitambulisho: ushahidi kwamba mtu ana kazi, si riziki yenyewe. Posho ikarudi kwa nguvu kipindi hichohicho. Semina, safari na vikao vikawa ndiyo malipo halisi ya utumishi. Mpagazi alipewa posho ili afike mwisho wa safari. Mtumishi wetu akajifunza kwamba safari ikifika mwisho posho nayo inakoma.

Kwa wakazi wa Kahama na Geita kulikuwa na njia nyingine ya kuikimbia karatasi ya mshahara, nayo ilikuwa ardhini. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikuondoka. Bulyanhulu, Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko palijaa watu, na ukazaliwa mfumo wa malipo ambao unaendesha maelfu ya maduara hadi leo. Mwenye leseni anatoa eneo. Mwenye duara anagharimia matimba, pampu, baruti na chakula. Wachimbaji wanatoa nguvu na, wakati mwingine, uhai. Mawe yakipatikana hujazwa mifukoni, na mifuko ndiyo hugawanywa. Viwango hutofautiana, lakini mwenye leseni kuchukua karibu asilimia 30 ni jambo la kawaida. Inayobaki hugawanywa kati ya mwenye duara na wachimbaji baada ya gharama kuondolewa. Kila mmoja hupeleka mfuko wake kwenye karasha na mwaloni, akisubiri zebaki imwambie amepata nini.

Mchumi atasema huu ni mfumo bora wa kuhamasisha, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mchimbaji huona kilichotoka na huhesabu mifuko kwa macho yake. Hahitaji uzio wala msimamizi wa kumhimiza. Ila duara linaweza kuchimbwa miezi kadhaa bila kuonyesha kitu, na katika miezi hiyo malipo yake ni ugali. Anayelala njaa duara likiwa tupu si yule aliyeshika leseni.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji. Geita ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Ukanda uleule ukawa na malipo ya aina mbili yanayotazamana juu ya ukuta. Ndani ya ukuta mshahara ulikuwa mzuri kwa viwango vya nchi. Hata hivyo, mwishoni mwa Oktoba 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma wakidai mishahara, posho na matibabu bora; mwajiri akauita mgomo huo haramu, na watu zaidi ya elfu moja wakapoteza kazi. Watu wa mjini walishangaa: wanalipwa kuliko walimu, wanalia nini? Lakini mfanyakazi wa chini ya ardhi hajilinganishi na mwalimu wa Msalala. Hujilinganisha na mgeni anayeendesha mtambo uleule, na na jiwe analolipandisha kila siku bila kuambiwa limeuzwa bei gani.

Sheria zetu zimejaribu kuyaweka haya yote katika jedwali moja. Amri ya Kima cha Chini ya mwaka 2013 iliweka shilingi 400,000 kwa mwezi kwa migodi yenye leseni kubwa na 200,000 kwa leseni za wachimbaji wadogo. Ile ya 2022 ikapandisha hadi 500,000 na 300,000. Tarakimu hizo zilikuwa nzuri kuliko za kilimo na kazi za nyumbani. Tatizo ni kwamba mwenye duara hana mwezi. Ana mifuko. Ofisa kazi akifika Mwakitolyo na jedwali lake, atajibiwa kwamba hapa hakuna mwajiriwa, kuna washirika. Na mchimbaji mwenyewe atakuwa wa kwanza kukubali, maana akiwa mwajiriwa atapoteza mfuko wake.

Nadhani atakubali kwa sababu hajaulizwa swali la pili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hukokotoa fidia kutokana na kipato cha mwezi kilichoripotiwa na mwajiri. Mgawo wa mifuko ungeweza kuandikwa, ukathaminishwa kwa bei za masoko ya madini ambayo Geita ilikuwa ya kwanza kuyapata mwaka 2019, na mchango ukakatwa hapohapo sokoni kama mrabaha unavyokatwa. Serikali iliyoweza kuhesabu gramu za kodi haiwezi kusema imeshindwa kuhesabu jasho la aliyezitoa.

Mwaka huohuo wa 2015, huko Nyangalata, Kahama, duara liliwaporomokea wachimbaji. Watano waliopolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenye mshahara angedai mwezi mmoja na siku kumi na moja. Mwenye kipande angedai kadi nzima na zaidi. Kwa hesabu ya mifuko, siku 41 bila jiwe hata moja lililopanda juu ni sifuri.