Chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi: yale ambayo mzazi anapaswa kujua na kuuliza

Jamaa nyingi za Goma zina binti anayesoma ng'ambo, Gisenyi, au ndugu waliokimbilia Uganda kwa sababu ya vita. Katika nchi hizo mbili, wasichana hupewa chanjo ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi. Rwanda ilianza mwaka 2011, nayo ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitoa kwa taifa zima. Uganda iliieneza nchini kote mwaka 2015, Tanzania ikafuata mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Hivyo swali limekwisha kuingia nyumbani mwetu: je, nikubali binti yangu adungwe sindano hii? Ni salama?

Makala haya hayamwamulii mzazi. Yanaeleza yanayojulikana, ili aamue bila kuburutwa na uvumi na bila kulazimishwa na mtu.

Ugonjwa wenyewe

Kansa ya mlango wa kizazi karibu kila mara husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi vina aina nyingi, lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, huleta karibu asilimia 70 ya kansa hizi.

Virusi hupita kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata bila kujua, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Vikikaa, huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka kansa. Kwa mwanamke mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajatibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Mwaka 2020, wanawake wapatao 600,000 duniani waligunduliwa kuwa na kansa hii, na zaidi ya 340,000 walikufa, wengi wao katika nchi maskini. Mama huja hospitalini wakati damu inatoka na maumivu yamezidi, na mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea.

Chanjo inafanya kazi namna gani

Ndani ya chanjo hamna virusi hai. Kuna ganda tu linalofanana na la virusi, bila kiini chake, kwa hiyo haiwezi kumpa mtoto ugonjwa. Mwili huliona ganda hilo, hujifunza kulitambua, na hutengeneza kinga.

Chanjo huzuia, haitibu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na virusi. Tangu Desemba 2022 shirika hilo linakubali dozi moja au mbili kwa umri huo. Utafiti uliofanywa Kenya kwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi huhitaji dozi zaidi, kwa hiyo mzazi amwambie muuguzi kwa siri.

Matunda yake yameonekana. Uingereza, katika wanawake waliopewa chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, kansa hii ilipungua kwa asilimia 87.

Je, ni salama?

Kufikia mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza usalama wa chanjo imeirudia hii mara nyingi na kuiona salama sana. Madhara ya kawaida ni maumivu na uvimbe mkononi, kichwa kuuma, na homa kidogo. Wasichana wengine huzimia kwa woga wa sindano, ndiyo maana wanatakiwa kukaa dakika 15 baada ya kuchanjwa. Mzio mkali hutokea kwa watu wasiofikia wawili katika dozi milioni moja, na mhudumu anapaswa kuwa na dawa yake karibu.

Kuna wasiopaswa kuchanjwa siku hiyo: mwenye homa kali, mjamzito, au aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi ya kwanza au kwa kitu kilichomo ndani ya chanjo.

Je, inaharibu uzazi?

Hofu hii ndiyo inayowaumiza wazazi wengi zaidi. Nchini Denmark, watafiti walifuatilia wasichana na wanawake karibu milioni moja, na hawakuona kwamba chanjo inafanya mayai ya mwanamke yaishe mapema. Kinachoharibu uzazi ni kansa yenyewe, kwa sababu mara nyingi matibabu yake ni kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi.

Je, inafungua mlango wa uasherati?

Katika jimbo la Ontario, Kanada, uchunguzi wa wasichana zaidi ya 260,000 haukuonyesha kwamba chanjo iliongeza mimba au magonjwa ya zinaa. Na tuseme ukweli kati yetu: msichana anaweza kujilinda hadi ndoa, kisha apate virusi kutoka kwa mume wake. Tena katika Kivu yetu, wangapi wamebakwa bila kosa lao? Kumkinga binti si kumpa ruhusa ya dhambi. Mafundisho ya usafi yanabaki kazi ya nyumba na ya kanisa, na sindano haiyaondoi.

Mashaka yana sababu

Tusiwacheke wenye mashaka. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, watu wa Beni na Butembo waliona uchaguzi wao ukiahirishwa kwa sababu ya ugonjwa, na wengi wakaacha kuamini kila kilicholetwa na timu za afya. Nchini India, mwaka 2010, mradi wa chanjo hii ulisimamishwa baada ya wasichana saba kufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifo havikutokana na chanjo. Mmoja alizama majini, mwingine aliumwa na nyoka. Lakini ulionyesha pia kwamba katika shule nyingine wasimamizi wa mabweni walitia sahihi badala ya wazazi. Chanjo ilikuwa salama, lakini njia ya kuwaendea wazazi ilikuwa mbaya. Haya ni mambo mawili, na mzazi ana haki ya kudai yote mawili yawe sawa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

- Chanjo hii ni ya HPV kweli, na inaitwa nani?
- Nani anaitoa, na kituo gani cha afya kinaisimamia?
- Imehifadhiwa kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8, hata umeme ulipokatika?
- Ni dozi ngapi, na kadi ya mtoto itaandikwa?
- Akipata shida usiku, nimpeleke wapi?

Mhudumu mwaminifu atajibu bila kukasirika. Wenzetu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, walisifiwa kwa sababu walichunguza walichoambiwa, ingawa aliyewaambia alikuwa Paulo.

Mama naye asijisahau

Chanjo ya binti haimkingi mama yake. Wanawake wa miaka 30 na zaidi, au 25 kwa mwenye virusi vya ukimwi, wanapaswa kupimwa. Kuna kipimo rahisi: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna alama nyeupe. Alama ikionekana mapema, hutibiwa kabla haijawa kansa.

Wachungaji na viongozi wa akina mama, chukueni maswali haya kwenye mikutano yenu na mwalikeni muuguzi ayajibu mbele ya wazazi wote. Mungu awape hekima.