Mchungaji Aliyesomeshwa na Wazee wa Kidia

Atokaye Moshi mjini na kushika njia ya kupanda Kidia hupita baina ya vihamba vilivyoshikana, migomba juu na mibuni chini ya kivuli chake, na maji ya mfongo, yaani mfereji, yakiteremka kando ya njia kwa sauti ndogo isiyokatika. Na kwenye mipaka ya vihamba hivyo huona masale yamepandwa safu safu, mmea ambao kwa Mchagga si ua wala pambo tu, bali ni shahidi wa mpaka na ishara ya kuombana radhi. Huko juu ndiko Old Moshi, makao ya Mangi, yaani mtawala, Rindi na mwanawe Meli, palipokuwa na jina kabla mji wa chini haujazaliwa, kwa kuwa mji huo ulikua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Na huko Kidia, kwenye misheni ya Kilutheri, aliishi kwa miaka mingi Mjerumani mmoja ambaye nasimulia habari zake leo, kwa sababu alitenda jambo ambalo wageni wengi waliofika kwetu hawakulitenda: alikuja kufundisha, kisha akaketi kufundishwa.

Jina lake Bruno Gutmann. Alizaliwa Dresden mwaka 1876, akatumwa na Misheni ya Leipzig, akafika Kilimanjaro mwaka 1902. Hapana budi msomaji aukumbuke wakati huo ulivyokuwa. Ilikuwa imepita miaka 2 tu tangu tarehe 2 Machi 1900, siku ambayo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli hapo hapo Old Moshi pamoja na wakuu wengine wa mlima, na majonzi ya msiba ule yalikuwa hayajakauka. Mzee aliyemwona Mzungu akipita njiani na kitabu kwapani alikuwa na haki ya kufunga kinywa chake, kwani wa rangi ile ile ndio waliokuja na kamba. Ikiwa baadaye wazee hao walimfungulia mgeni huyu hazina ya mafundisho yao, hilo halikutokea kwa nguvu ya serikali wala kwa hongo. Lilitokea kwa subira ya pande zote mbili, na subira ya wazee, kwa maoni yangu, ilikuwa kubwa zaidi.

Mlima haukuwa mgeni kwa wageni. Mmisheni Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya kilele cha Kibo mwezi Mei 1848, alipokewa Kilema na Mangi Masaki kwa desturi ya suluhu: mnyama akachinjwa, na kipande cha ngozi yake kikatiwa tundu na kuvikwa kidoleni mwa mgeni, awe mtu wa nyumbani asiyeweza kudhuriwa. Mtu huyo wa dini, aliyetoka mbali kuleta neno lake, aliingizwa katika agano la wenyeji siku za mwanzo kabisa, wala hakuwa na ujuzi wa kulisoma agano hilo. Zaidi ya nusu karne ikapita kabla ya kuja mgeni aliyetaka kulisoma.

Sasa na tuseme mafundisho yenyewe yalikuwa nini. Kijana wa Kichagga, baada ya kutahiriwa pamoja na rika lake, hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kwa sababu ya jeraha la mwili peke yake. Palikuwa na ngasi, kambi ya wanaume msituni, iliyofanywa kwa idhini ya mangi, ambamo vijana walitengwa na mama zao, wakazoezwa njaa, baridi na ukimya, wakatiwa katika siri ambayo wanaume walikula yamini kutoidhihirisha mbele ya wake zao. Fauka ya hayo palikuwa na mafunzo ya mregho, na hapa naomba msomaji asimame kidogo pamoja nami. Mregho ni fimbo. Fimbo hiyo imechanjwa michanjo, mingine mifupi, mingine mirefu, imepangwa kwa mafungu. Na kila mchanjo una somo lake, na kila somo lina wimbo wake. Mwalimu huishika fimbo mbele ya mwanafunzi, akaweka ncha ya kidole juu ya mchanjo wa kwanza, akaimba; mwanafunzi akaitikia; kidole kikasogea hadi mchanjo wa pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa fimbo, na kesho tena kutoka mwanzo, hata fimbo ikakaa moyoni na mkono ukawa hauihitaji tena. Humo mlikuwa na elimu ya mwili wa insani, kutungwa kwa mimba na kukua kwa mtoto tumboni, heshima ya mama na baba, adabu ya ndoa, wajibu wa mtu kwa jirani yake, na wajibu wake kwa waliotangulia kaburini, ambao Wachagga huwaita warumu; na juu ya wote, Ruwa, ambaye jina lake ndilo jina la jua. Wasichana nao walikuwa na mafundisho yao chini ya wanawake wazima. Watu waliosema kwamba mlima huu haukuwa na shule kabla ya misheni walisema hivyo kwa kuwa walitafuta ubao na chaki, wasiangalie fimbo.

Gutmann alitumika upande wa Machame na Masama, kisha akahamia Kidia. Jambo la awali alilolifanya lilikuwa kujifunza Kichagga, si kile cha kuombea maji na kuamuru wapagazi, bali kile wanachozungumza wazee wakinywa mbege jioni, chenye mafumbo ndani ya mafumbo. Kuanzia hapo akaandika alichosikia. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya ushairi na fikira za Wachagga. Mwaka 1914 kitabu cha hadithi zao. Mwaka 1926 kitabu kikubwa cha sheria zao. Kazi iliyopita zote ilikuja mwishoni: juzuu 3 za mafundisho ya kabila, zilizochapwa mwaka 1932, 1935 na 1938, kila moja na mamia ya kurasa, ambamo masomo ya jando na ya mregho yameandikwa mstari kwa mstari kama wazee walivyoyatamka. Mtu aliyewahi kuandika hata barua moja kwa imla ya mzee anajua kazi hiyo ilivyo: mzee husimama katikati, hurudi nyuma, hukasirika akikatizwa, huanza kuimba pale ambapo maneno matupu hayatoshi.

Kwa nini walimwambia? Zamani hizo ngasi ilikuwa inafifia, vijana wakivutwa na shule, na kazi za mashamba, na baadaye kahawa. Nami nadhani wazee walitambua kwamba sikio la mgeni mwenye kalamu lilikuwa chombo kimojawapo kilichobaki cha kuhifadhia yale ambayo wajukuu walikuwa hawaji tena kuyauliza. Si jambo la furaha, walakini ni jambo la hekima.

Katika miaka hiyo hiyo Mjerumani mwingine alikuwa mbali sana na hapa akitenda jambo linalofanana na hili. Eugen Herrigel, mwalimu wa falsafa, alihamia Sendai katika nchi ya Japani mwaka 1924 kusomesha chuo kikuu, akakaa huko hata mwaka 1929. Alitaka kuijua njia ya Zen. Akaambiwa kwamba njia hiyo haishikiki kwa kusoma vitabu, bali mtu hana budi kushika kazi moja chini ya mwalimu. Naye akachagua upinde, na mwalimu wake akawa Awa Kenzo. Kwa muda mrefu hakuruhusiwa kuilenga shabaha ya mbali. Alifundishwa kuvuta pumzi, na kuuvuta upinde mabega yakiwa yametulia, na kuuachia mshale bila kutaka kuuachia. Alisimulia jinsi usiku mmoja mwalimu wake alivyopiga mishale miwili gizani, wa kwanza ukaingia katikati ya shabaha na wa pili ukaupasua wa kwanza. Kitabu chake cha mwaka 1948 kilisomwa dunia nzima.

Nawaweka watu hawa wawili pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenzake. Herrigel aliushika upinde kwa mikono yake. Maumivu ya mabega yalikuwa yake. Walakini alimsikia mwalimu wake kwa kinywa cha mkalimani, na wanazuoni wa Kijapani wamekwisha kuuliza ni kiasi gani cha maneno ya mwalimu kilifika na kiasi gani kilipotea njiani. Gutmann hakuhitaji mkalimani. Lugha ilikuwa yake. Bali hakulala ngasi, hakuwa na rika lililotahiriwa naye siku moja, na Jumapili alipanda mimbari kuhubiri dini nyingine. Alisomeshwa kwa sikio, asisomeshwe kwa mwili. Mafundisho ya mlima huu yalitaka vyote viwili.

Hata hivyo Gutmann hakuyaacha aliyojifunza yakalala kitabuni. Aliamini kwamba mtu hasimami peke yake, bali husimama juu ya mafungamano matatu, ukoo, ujirani na rika, na kwamba kanisa likiyavunja hayo litabaki na watu waliotawanyika kama punje. Kwa hiyo aliujenga usharika wake juu ya mafungamano hayo, akataka vijana waliobarikiwa pamoja washikamane kama walivyoshikamana zamani waliotahiriwa pamoja. Humo nampa haki yake. Lakini mapenzi yake kwa mambo ya kale yalimfanya aogope mambo mapya kupita kiasi: aliiogopa fedha, aliuogopa mji, na shule ya kufuata desturi za Ulaya aliitazama kwa shaka. Ilhali Wachagga wenyewe walikuwa wamekwisha kuamua. Mwaka 1925 kiliundwa chama cha wakulima wa kahawa wenyeji, na rais wake, Joseph Merinyo, alikuwa mtu wa Old Moshi hiyo hiyo. Na mwaka 1933 ukaanzishwa ushirika wa KNCU, ambao jina lake kila mkaazi wa Moshi analijua. Watu waliojiunga katika vyama hivyo hawakuwa wameutupa ukoo wala ujirani. Walivichukua hadi kwenye mizani ya kahawa. Mchungaji alidhani fedha itakata kamba ya udugu, nao wakaifunga fedha kwa kamba ile ile. Hapo wanafunzi wa mregho walikuwa wameelewa kuliko mwandishi wake.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia Waingereza waliwafukuza wamisheni wa Kijerumani, na Gutmann akaondoka mwaka 1920. Usharika ukashikwa na waalimu wa Kichagga, na katika miaka iliyofuata wakasaidiwa na wamisheni kutoka Marekani. Akarudi katikati ya miaka ya 1920, akakaa hata mwaka 1938, ndipo akaiaga Kidia moja kwa moja. Alifariki Ujerumani mwaka 1966, mwenye umri wa miaka 90, Tanganyika ikiwa huru miaka 5.

Juzuu zile 3 ni za Kijerumani. Mjukuu wa mzee aliyeziimba, akitaka kusikia babu yake alisema nini, hana budi kwanza kujifunza lugha ya wale waliomnyonga Meli, au kutafuta tafsiri ya Kiingereza ya sehemu yake katika maktaba za mbali. Hilo halifai kuendelea. Mlima huu una wasomi wa Kijerumani, una wachungaji, una waalimu wa Kiswahili na Kichagga. Kazi ya kuzirudisha juzuu hizi katika lugha ya mwenyewe haiwashindi wakikusanyika. Nawe msomaji uliye na kihamba mlimani, ukiikuta nyumbani kwenu fimbo ya zamani yenye michanjo, imeshikwa na moshi wa miaka mingi, usiifanye kuni. Ipeleke kwa mzee wa ukoo angali hai, umwamkie, "Shimbonyi, meku," kisha umwombe aweke kidole juu ya mchanjo wa kwanza.