Mkonge Usiokuwamo: Pwani ya Tanga katika Alama za Taifa

Nembo ya Taifa la Tanzania ina mimea miwili: karafuu miguuni pa mwanamume na pamba miguuni pa mwanamke. Mkonge haumo. Jambo hili linahitaji maelezo, kwa kuwa Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, mkonge ndio ulioongoza mauzo ya Tanganyika katika nchi za nje, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu chake.

Zao hilo lilifika pwani hii mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mdogo, mashamba makubwa yalienea Tanga, Muheza na Korogwe. Yalimilikiwa na walowezi na makampuni, yakahudumiwa na manamba, vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mbali.

Maelezo mepesi ni kwamba mkonge uliachwa kwa sababu ulikuwa na harufu ya ukoloni. Hoja hii haitoshi. Karafuu nayo ilistawishwa Unguja na Pemba katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa, na bado imo. Kadhalika Barbados, kisiwa cha Karibi kilichojengwa juu ya miwa na utumwa, kiliweka katika nembo yake ya mwaka 1966 mkono ulioshika vipande viwili vya muwa. Zao la dhuluma, basi, laweza kugeuzwa alama ya heshima.

Maelezo yenye uzito zaidi yamo katika muundo wa alama zenyewe. Bendera ya mwaka 1964 iliunganisha rangi za Tanganyika, yaani kijani, nyeusi na dhahabu, na buluu ya Zanzibar. Nembo nayo inasomeka kwa mantiki iyo hiyo: mmea mmoja kwa kila upande wa Muungano, na yote miwili huashiria ushirikiano. Pamba ilifaa kuibeba maana hiyo, kwani ililimwa kwa wingi na wakulima wadogo waliouza mazao yao kupitia vyama vya ushirika. Mkonge ulikuwa na mwenye shamba upande mmoja na kibarua upande wa pili. Ushirikiano haukuwa sura yake.

Hata hivyo, wafanyakazi wa Tanga hawakutengwa kabisa. Alama ya Tanganyika chini ya Waingereza ilikuwa kichwa cha twiga, nchi isiyo na watu. Nembo mpya iliwasimamisha watu wawili, na ndani ya ngao ikaweka jembe na shoka, zana za kila aliyefyeka pori na kulima. Humo manamba anaonekana kwa kazi yake, ingawa si kwa zao lake. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, zao hilo likawa mali ya Taifa. Lakini nembo ilikuwa imekwisha kuchorwa.